Jasho la Asha ni la nani?

Mimi ni mhariri wa filamu. Vijana wakiniletea filamu fupi kuhusu mwanamke jasiri, mara nyingi nakuta hotuba: mhusika kasimama dirishani, anatueleza alivyochoka kuonewa. Nawaambia waikate, halafu tunakaa kuitazama Pumzi.

Pumzi ni ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, na ina dakika 20 na kidogo. Vita vya maji vimeiacha nchi kavu. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Mkojo na jasho vinachujwa vinywewe tena, ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo asiojua umetoka kwa nani. Anaunusa.

Tazama hapo. Katika jamii hii watu hawasemezani kwa mdomo, kompyuta ndiyo inayowasemea, kwa sauti isiyo na joto. Kwa hiyo ile pua juu ya udongo inabeba yote ambayo hotuba ingehangaika kuyasema. Baraza linalotawala jengo linapomnyima kibali cha kutoka, sisi tumeshajua ataondoka.

(Mtengenezaji filamu Maya Deren alishaifanya kazi hii, ya kusema bila maneno, Marekani mwaka 1944. Katika At Land, filamu isiyo na sauti kabisa, anatambaa juu ya meza ya karamu na wageni hawana habari naye.)

Filamu ya kishairi kama Pumzi huziita picha zirudi, kama vina. Jasho linakuja mara mbili. Ndani ya jengo ni mali ya mfumo: tone likidondoka, linakusanywa. Jangwani, maji yakishamwishia, Asha anaunywesha mche uliochipua katika udongo ule jasho lake mwenyewe. Jasho ni lile lile, ila sasa mwenye kuamua liende wapi ni yeye. Ukikata mojawapo ya sehemu hizo mbili, nyingine inabaki picha nzuri tu.

Wapo wanaolalamika kuhusu mwisho, Asha anapoukinga mche kwa mwili wake hadi kufa: mwanamke kajitoa mhanga tena! Ningewaunga mkono kama Baraza lingemtuma. Lakini lilimkatalia. Tena hakutoroka kwa ubavu wake peke yake. Alisaidiwa na msafisha vyoo, ambaye mapema Asha alimgawia maji ya chupa yake. Wanafunzi wangu wengi huikosa shoti hiyo ya chupa kwa sababu ni fupi. Mimi huwarudishia nyuma, tunaitazama upya, ndipo tunaendelea.