Haitoi moshi, kwa hiyo ni safi? Hebu tuyaache hayo

Juzi nimeambiwa tena: "Kimashine cha kukatia majani tu hiki, tena hakitoi moshi, kitachafua hewa gani?" Huku chumba kizima kinanuka petroli mbichi. Kazi yangu ni kupima ekzosi za injini ndogo za petroli kama hiyo, na wimbo huo umenichosha.

Moshi wa buluu unaouona ni oili. Usichokiona ndicho kibaya zaidi. Kwenye tu-stroki (injini inayowaka kila mzunguko) ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, tundu la kutolea moshi na lile la kuingizia mchanganyiko huo huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi. Mchanganyiko mpya ndio unaosukuma moshi nje, na sehemu yake hutoka nao kabla plagi haijapiga cheche. Kwa miundo ya zamani, robo hata theluthi ya petroli hutoka bila kuungua. Haina rangi. Injini inanguruma vizuri, mwenyewe anatabasamu, na mafuta yake yanapaa.

Marekani, EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, ilianza kuzibana injini za petroli zisizozidi kilowati 19 kwa modeli za 1997, California iliitangulia. Kanuni za awamu ya tatu zilipitishwa 2008. Injini isiyoshikwa mkononi, ya chini ya sentimita za ujazo 225, ikomee gramu 10 za haidrokaboni (hasa petroli isiyoungua) na oksidi za naitrojeni (gesi zinazozaliwa na joto kali la silinda), zikijumlishwa, kwa kila kilowati-saa ya kazi. Kubwa zaidi, 8. Za kushikwa mkononi? 50, na zikifika sentimita za ujazo 50 au zaidi, 72. Rudia kusoma. Cha mkononi ndicho kilichoruhusiwa kuchafua zaidi kwa kazi ileile, maana lazima kiwe chepesi na kifanye kazi hata kikipinduliwa.

Na kwa nini gesi hizo zinajumlishwa? Ukipunguza petroli kwenye mchanganyiko, haidrokaboni hushuka, lakini silinda hupata joto na oksidi za naitrojeni hupanda. Ukiizidisha, joto hushuka, ila haidrokaboni na monoksidi ya kaboni hupanda. Ndiyo maana skrubu ya kabureta huwekewa kifuniko kisichoiruhusu izunguke sana. Halafu anakuja fundi na koleo, anakivunja "ipate nguvu", na kazi yote ya maabara imekwisha kwa robo mzunguko. Huyo simsamehi.

Kuzima injini nako si dawa. Petroli hupenya ukuta wa tangi la plastiki na mpira wa mafuta, ikatoka polepole usiku kucha. Awamu ya tatu iliweka kikomo: gramu 1.5 kwa mita ya mraba kwa siku kwa tangi, 15 kwa mpira.

California iliamua mwaka 2021 kwamba nyingi za injini hizi, zikiwa mpya, zisitoe uchafu wowote kuanzia modeli za 2024, huku jenereta zikiongezewa muda. Za zamani zinaruhusiwa kutumika.

Kinachonikera ni cheti kinachosema injini imetimiza kanuni hizo. Mashine ya mkononi hupimwa katika hali mbili tu, mzigo kamili na sailensa (injini ikinguruma bila mzigo), lakini msumeno wa injini porini hupanda na kushuka mizunguko kila sekunde. Umri wake wa kisheria, yaani muda ambao lazima ibaki ndani ya kikomo, nao ni saa 50, 125 au 300, anachagua mtengenezaji. Anayetumia msumeno saa sita kwa siku humaliza hata zile 300 kwa siku 50 za kazi, na baada ya hapo namba za cheti siziamini hata kidogo.