Herufi M kwenye BMW ina maana gani?

Kwenye maduka ya spea, Kariakoo au Kirinyaga Road, inauzwa nembo ndogo yenye mistari mitatu: bluu ya samawati, bluu iliyokoza na nyekundu, na herufi M pembeni. Ina gundi nyuma, dakika moja tu imeshakaa kwenye buti. Ndiyo maana wengi wanaichukulia M kuwa urembo, au jina la toleo lenye viti vizuri na rimu kubwa. Herufi hii ina asili yake, na ni asili ya kuheshimiwa.

M ni kifupi cha Motorsport, yaani mbio za magari. Mwaka 1972 BMW ilianzisha kampuni tanzu mjini Munich, BMW Motorsport GmbH, ikamkabidhi Jochen Neerpasch aliyekuwa ametoka Ford. Kazi aliyopewa ilikuwa kushinda mbio. Gari lililoitangaza kampuni hiyo ni 3.0 CSL, gari la milango miwili lenye milango, boneti na mfuniko wa buti wa alumini ili uzito upungue. Ile L inatokana na neno la Kijerumani leicht, yaani nyepesi. Bawa lake la nyuma halikuruhusiwa kwenye barabara za Ujerumani, kwa hiyo mnunuzi alikabidhiwa gari na bawa likiwa limelazwa ndani ya buti. Mwaka 1973 gari hilo lilichukua ubingwa wa Ulaya.

Sasa, kiwanda kinamuuzia raia bawa asiloruhusiwa kulifunga ili iweje? Jibu lake ndilo kiini cha M, na linaitwa homologesheni. Kwenye mbio za magari ya kawaida, wasimamizi hawakukubali kiwanda kije na chombo kilichoundwa kwa ajili ya mbio tu, kisha kidai ni gari la watu wote. Walitaka kwanza gari liundwe kwa idadi maalumu na liuzwe. Umbo la bodi, bawa, muundo wa injini: kisichokuwemo kwenye gari lililouzwa hakikuingia uwanjani. Kwa hiyo mhandisi aliyetaka kitu fulani kwenye mbio ilimbidi akiweke pia kwenye gari la daktari anayekwenda nalo kazini. Mbio ndizo zilizoagiza, barabara ikafuata.

M1 ya mwaka 1978 ilizaliwa kwa kanuni hiyohiyo, ikidaiwa magari 400. Lakini mimi nikitakiwa kumwonyesha mtu homologesheni kwa mfano mmoja, nitamwonyesha M3 ya kwanza, ile ya bodi ya E30, jina la kiwandani la BMW 3 Series ya wakati huo.

Kanuni za Kundi A, daraja la mbio za magari ya kawaida, zilidai magari 5,000 ndani ya miezi 12. M3 ikaanza kuundwa mwaka 1986. Iweke kando ya E30 ya kawaida, kisha zunguka taratibu. Madigadi yamevimba ili matairi mapana ya mbio yapate nafasi. Rimu zimefungwa kwa nati tano badala ya nne. Ukifika nyuma, kioo kimelazwa zaidi na mfuniko wa buti umeinuliwa, ili upepo unaoteremka kutoka kwenye paa ulifikie bawa vizuri. Boneti ni kati ya vipande vichache vya nje vilivyobaki kama vilivyokuwa. Hakuna kiwanda kinachobadilisha pembe ya kioo cha nyuma kwa ajili ya urembo. Ni gharama kubwa mno.

Injini aliiunda Paul Rosche, mhandisi wa BMW. Wateja wa BMW walizoea silinda sita, yeye akachagua nne: lita 2.3, valvu 16, nguvu za farasi karibu 200. Injini fupi ina kranki fupi (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kranki fupi inavumilia mizunguko mikubwa bila kujipinda, jambo ambalo dereva wa mbio analihitaji mchana kutwa.

Halafu shika gia. Kwenye M3 zilizouzwa Ulaya, namba moja iko kushoto chini, pale mkono wako ulipozoea kukuta namba mbili. Mbili na tatu zimepangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kwenye mbio namba moja ni ya kuondokea tu, lakini kati ya mbili na tatu unapanda na kushuka kwenye kila kona. Aliyeinunua kwa safari za mjini alijifunza gia upya kwa sababu ya kona za uwanja ambao pengine hakuwahi kuukanyaga.

Mwaka 1987 Roberto Ravaglia alitwaa nayo ubingwa wa dunia wa magari ya kawaida, na mwaka huohuo Bernard Béguin akashinda nayo rali ya Corsica. Mercedes nao walijibu kwa njia ileile: 190E Evolution II ya mwaka 1990 iliundwa magari 502 tu, kwa sababu kanuni ya toleo la kuboresha ilidai 500. Ile M3 iliyodaiwa 5,000 iliishia kuuzwa zaidi ya 17,000.

Tangu 1993 kampuni inaitwa BMW M GmbH, na leo magari yake hubuniwa kwanza kwa ajili ya mteja. Kuna kifurushi cha M Sport, ambacho zaidi ni bampa, stelingi na springi ngumu. Kuna magari ya katikati kama M340i, yenye kasi kweli, lakini injini yake ni ya BMW za kawaida iliyoongezewa nguvu. Na kuna M zenyewe: M2, M3, M4, M5.

Ukitaka kununua, uliza msimbo wa injini. Ukiacha chache za mwanzo, injini za M huanza na S: S14 ya M3 ya kwanza, S54 ya M3 ya E46, S58 ya M3 ya sasa. M340i ina B58. Kwenye S14 ukifungua boneti utaona M Power juu ya kifuniko cha valvu, herufi zilizosubiwa pamoja na kifuniko chenyewe.