Je, wajua kwa nini mwandishi wa hadithi za kisayansi huketi kunywa kahawa na wasomaji wake?

Juzi jioni barazani Ngamiani, hapa Tanga, kijana mmoja alituonyesha picha kwenye simu: mwandishi mashuhuri kazungukwa na watu kama kumi, vikombe mezani, na mmoja wao kavaa boksi lililopakwa rangi ya fedha, eti roboti. Mzee aliyeketi kando yangu akamrudishia muuza kahawa kikombe, akauliza, "Huyu ndiye mgeni rasmi? Mbona hana jukwaa?"

Swali la haki. Kwetu mgeni rasmi huja kachelewa, huwekewa maji ya chupa, husoma hotuba, huyoo. Kwenye mikutano ya mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi na fantasia, mwandishi hushinda na watu siku kadhaa. Zipo hata meza ambazo wasomaji wachache hujiandikisha mapema ili wapige naye soga.

Sababu ni kwamba shughuli yenyewe si yake, wala si ya mchapishaji. Ni ya wasomaji. Yeye kaalikwa kwao.

Na yote yalianza na anwani. Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha Amazing Stories, jarida la hadithi za aina hiyo tupu. Barua za wasomaji alizichapa pamoja na anwani za waliozituma. Basi msomaji akiona mtu wa mji wa pili kaiponda hadithi aliyoipenda, hakungoja toleo lijalo: alichukua kalamu akamwandikia mwenyewe. Barua zikazaa urafiki, urafiki ukazaa vilabu, vilabu vikaanza kutembeleana. Julai 1939 wakakusanyika New York, watu kama 200, wakauita mkutano wa dunia. Jina kubwa kwa umati ambao mabasi manne yangeutosha!

Mgeni wa heshima siku hiyo hakuwa hata mwandishi. Alikuwa Frank R. Paul, mchoraji wa majalada. Ray Bradbury, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, naye alikuwapo, wakati huo kijana wa miaka 18 asiyejulikana, aliyekopa pesa akapanda basi kutoka Los Angeles. Wawili walikuja na mavazi ya watu wa karne zijazo, na ndiyo asili ya yule roboti wa boksi. Fitina pia hazikukosekana: vijana sita walizuiwa mlangoni kwa ugomvi wa vilabu, na baadhi yao baadaye wakawa waandishi na wahariri wakubwa.

Wasomaji hawajauachia usukani. Tuzo ya Hugo, ya hadithi bora za aina hiyo, iliyoitwa kwa jina la Gernsback na kuanza kutolewa 1953, hupigiwa kura na wanachama wa mkutano huo wa dunia waliolipa ada, si na jopo la maprofesa. Mwaka 2016 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliishinda kwa riwaya fupi ambayo jina lake halituhitajishi kamusi: Binti. Kwa hiyo anayeketi kwenye meza ile anaketi na wapiga kura. Mimi lakini sidhani kama ni kura tu. Waandishi wengi walianza wakiwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo, upande wa wasomaji.

Watu wa Tanga hawana haja ya kushangaa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliiweka nchi nzima angani katika Kusadikika mwaka 1951, na mashairi yake yalisomwa kwenye gazeti la Mambo Leo pamoja na ya wasomaji wenzake. Washairi wa magazetini nao hutia jina, lakabu, sanduku la posta na mji.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alitunga shairi la kumuuliza yeyote awezaye kujibu: kati ya moyo na macho, nani mkosaji? Akajibiwa na mtu wa Pangani, naye akamrudi, wakarudiana miezi. Jumamosi moja mtu huyo akashuka kwenye basi, gazeti kwapani, akaulizia nyumba mpaka akaifikia. Mjomba alimkaribisha wali wa nazi na samaki, lakini hawakula mpaka wamemaliza kubishana kuhusu kina kimoja cha kati katika ubeti wa nne. Wali ulipoa. Basi la mwisho la Pangani likaondoka, mgeni bado yuko barazani.