Arizona haimlipi mzazi kwa kumfundisha mwanawe nyumbani

Wengi huamini kwamba katika jimbo la Arizona, Marekani, mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani hulipwa na serikali kwa kazi hiyo. Sivyo. Fedha zinazodhaniwa kuwa malipo hayo hutoka katika akaunti za ufadhili wa elimu, ambamo jimbo humwekea mzazi pesa za kumsomeshea mtoto nje ya shule za umma. Akaunti hizo zilianzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu, na mwaka 2022 zikafunguliwa kwa watoto wote wa umri wa kwenda shule. Fedha zake, ambazo kwa wengi ni takriban dola 7,000 kwa mwaka, hutolewa kila robo mwaka kwa mahitaji ya masomo tu. Mama akinunua hadubini au kitabu cha hisabati, huonyesha risiti. Saa alizoketi mezani na mwanawe hawezi kujilipa.

Linalosahaulika, na ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba aliyesaini mkataba wa akaunti hiyo kisheria hahesabiwi tena kuwa anasomesha nyumbani: huiondoa hati ya kiapo, yaani tamko la kwamba anamsomesha mtoto nyumbani, aliyoiwasilisha kwa msimamizi wa shule wa kaunti, kisha huahidi kumfundisha mtoto kusoma, sarufi, hisabati, maarifa ya jamii na sayansi. Anayebaki na hati ya kiapo hapati hata senti moja ya akaunti hizo.