Sio kila karatasi yenye bei ni risiti

Jamani hapa Kampala kila karatasi yenye bei imekuwa risiti. Fundi kakuandikia makadirio ya mbao kule Ndeeba, risiti. Umepewa ankara, ile wengi wanaita invoisi, nayo risiti. Sasa imefika hadi kwa wapenda historia, mtu anaposti karatasi ya kiwanda cha mitumbwi cha Marekani ya miaka ya 1900 anaandika "risiti hii inaonyesha mteja alilipa". Wapi!

Ankara inadai, risiti inakiri kwamba pesa imeingia. Basi.

Kinachochanganya ni kwamba enzi hizo kule Marekani karatasi moja iliweza kufanya kazi zote mbili. Juu jina la kampuni kwa herufi za madoido, mwaka umechapwa nusu, "190" halafu nafasi ya kumalizia kwa kalamu, chini yake vitu na bei. Mpaka hapo ni deni. Inageuka risiti siku karani anapoandika chini kwamba malipo yamepokelewa na kutia sahihi na tarehe, kwa hiyo anza kusoma chini, hayo madoido yatakusubiri. Tarehe ya juu na ya chini zikiachana miezi kadhaa ndo utamu wenyewe, ujue mtu alichukua mzigo kwa mkopo. Na jina la mteja usilikimbilie, linaweza kuwa la duka lililonunua ili liuze, sio la yule aliyeshika kasia.

Halafu hata risiti ya kweli haikuambii mtumbwi ulitengenezwaje. Old Town, kampuni ya mitumbwi ya jimbo la Maine, walikuwa na kadi ya kila mtumbwi, namba ya kwenye kadi ndo ile ile iliyogongwa kwenye mbao ya ncha, na kadi inataja modeli, urefu, aina ya mbao, rangi, ulisafirishwa lini na kwenda wapi. Hiyo ni rekodi ya kiwandani, habari za nani kalipa ni kitu kingine. Jirani zao Morris, watengeneza mitumbwi wa mji wa Veazie, kiwanda kiliungua na rekodi zikaenda nacho, ndo maana vikaratasi vyao vya biashara vinatafutwa sana, na ukisoma deni ukadhani ni malipo hakuna kadi ya kukurudisha kwenye mstari.

Kwa hiyo ndugu yangu, ile picha iposti tena tu, ila andika "ankara, haina sahihi ya malipo". Na pale hadiwea ukipewa karatasi kabla hujatoa hela, usiseme umepewa risiti.