Silaha za Israel hazikutoka Marekani tangu mwanzo

Wengi huamini Marekani ndiyo iliyoipa Israel silaha tangu siku ya kwanza. Sivyo. Mwaka 1948, Israel ilipoundwa na vita na Waarabu kuzuka, bunduki na ndege za kivita zilitoka Chekoslovakia, kwa ridhaa ya Moscow, yaani Umoja wa Kisovieti, huku Washington ikizuia silaha zake zisiende upande wowote. Mpalestina aliyekimbia mwaka ule na ufunguo wa nyumba yake mfukoni hakukimbia bunduki za Marekani.

Na ndege za Israel zilizolipua viwanja vya ndege vya Misri asubuhi ya Juni 5, 1967? Mirage, Mystère, Ouragan: za Kifaransa. Rais wa Ufaransa, De Gaulle, alipofunga bomba la silaha kwa Israel mwaka huohuo, Marekani, iliyokwisha kukubali kuuza makombora ya Hawk mwaka 1962, ikashika nafasi. Ndege zake za kivita za Phantom ziliwasili 1969.