Seli za kinga kando ya uvimbe wa umio

Kipande cha nyama kutoka kwenye umio kikifika maabara, daktari aliyekichukua anataka kujua jambo moja: ni saratani au siyo? Mimi mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu kwa hadubini, hujibu hilo kwanza. Lakini slaidi ileile, yaani kioo chenye kipande chembamba cha nyama hiyo, ina habari nyingine ambayo ripoti zetu nyingi huiruka, nayo ni seli za kinga zilizouzunguka uvimbe.

Ukanda unaoanzia Ethiopia ukashuka Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini una wagonjwa wengi mno wa saratani hii. Aina tunayoiona zaidi huanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani wa umio. Chini ya hadubini, seli za saratani hukaa kwa mafungu, na kati ya mafungu hayo kuna tishu shikizi. Humo ndimo hutafuta limfosaiti: seli za kinga, ndogo za mviringo, kiini kimekolea rangi. Hukadiria zimejaza asilimia ngapi ya tishu hiyo.

Tafiti nyingi, hasa za China na Japani, zimeonyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wakiwa na limfosaiti nyingi kwenye uvimbe huishi muda mrefu zaidi, kwa wastani, kuliko wenye chache. Zenye uzito zaidi ni limfosaiti zenye alama iitwayo CD8, ambazo huua seli za saratani moja kwa moja. Seli nyingine za kinga hazina msaada huo. Makrofaji, seli kubwa za kinga zinazomeza uchafu, zikiwa na alama ya CD163 mara nyingi huambatana na matokeo mabaya, kwa kuwa huzituliza seli nyingine za kinga na kuusaidia uvimbe kuota mishipa ya damu. Kwa hiyo wingi peke yake hautoshi. Pia zimekaa wapi? Limfosaiti zilizopenya ndani ya mafungu ya saratani zinagusana na adui. Zilizorundikana pembeni ni kama wageni walioishia barazani.

Hapa pana mtego. Uvimbe wa umio mara nyingi huwa na kidonda juu, na kidonda huvuta neutrofili na seli nyingine za kinga kwa sababu zake chenyewe. Ukihesabu hapo, utampa mgonjwa matumaini yasiyo na msingi. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa endoskopi, wanaochukua vipande kwa mrija wenye kamera: chukueni vipande kadhaa, msichukue kidonda pekee.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la CheckMate 577, lililohusu wagonjwa waliopata dawa za saratani pamoja na mionzi, kisha upasuaji, na bado mabaki ya saratani yakaonekana kwenye kilichokatwa. Waliopewa nivolumab, dawa inayoziondolea limfosaiti breki, walikaa bila ugonjwa kurudi kwa wastani wa kati wa miezi 22.4; waliopewa dawa bandia, miezi 11.0. Bei ya dawa hiyo inawaweka nje wagonjwa wetu wengi, na hilo linaniumiza.

Hatua ya ugonjwa bado ndiyo inayotangulia. Wengi hutufikia wakati hata uji haupiti, na saratani iliyokwisha kufika kwenye ini haifutwi na limfosaiti nyingi. Asilimia yangu asisomewe mgonjwa kama hukumu ya miezi aliyobakiza. Hata hivyo naiandika kwenye kila ripoti, mstari mmoja: kiasi cha limfosaiti, mahali zilipo, na kama kipande kilitosha kukadiria. Haihitaji kemikali mpya wala mashine, ni dakika chache za ziada kwenye slaidi ambayo tayari iko mbele yangu.